Alichoazima Ozu

Ukimsimulia mtu Tokyo Story kwa dakika moja, utakuwa umemsimulia na Make Way for Tomorrow. Mzee na mkewe wamelea watoto wao mpaka wakawa watu wazima. Watoto wako mjini, wana kazi zao na vyumba vyao vidogo. Wazazi wanafika, nafasi haitoshi, wanahamishwa huku na huku, na mwisho mume na mke wanatengana wasionane tena. Leo McCarey aliiongoza Make Way for Tomorrow huko Hollywood, nayo kampuni ya Paramount ikaitoa Mei 1937. Yasujirō Ozu aliiongoza Tokyo Story, ambayo kampuni ya Shochiku ya Japani iliitoa Novemba 1953.

Anayeuliza kama Ozu aliazima kupita kiasi hafanyi uchokozi. Kwamba aliazima, hilo halina ubishi. Kogo Noda, aliyeandika naye mswada, aliiona filamu ya McCarey ilipofika Japani kabla ya vita, na ndiye aliyemletea mwenzake wazo lake. Ozu mwenyewe alikuwa hajaiona. Hapo ndipo panaponivutia zaidi. Alifanya kazi kwa kutegemea kumbukumbu ya mtu mwingine, kumbukumbu iliyokwisha kukaa miaka kama 15. Kumbukumbu ya umri huo haibebi picha moja moja wala maneno ya wahusika. Inabeba umbo la jambo na mahali lilipouma. Noda alimpa Ozu umbo hilo, na mengine yote, kuanzia sauti za nyumba mpaka namna mtu anavyoinua kikombe, ilibidi watafute wenyewe.

Lakini tuanze na mwenye mali, kwa sababu hutajwa haraka haraka kisha akaachwa, nayo filamu yake ni mojawapo ya filamu bora nilizopata kuziona.

McCarey alijifunza kazi kwenye vichekesho. Yeye ndiye aliyechangia kuwaunganisha Stan Laurel na Oliver Hardy wakawa jozi, na mwaka 1933 aliwaongoza ndugu wa Marx katika Duck Soup. Kwa hiyo alijua vizuri sana ni wakati gani watazamaji watacheka, na ni muda gani aendelee kuwaachia kicheko hicho kabla hakijawageuka. Bark na Lucy Cooper, walioishi pamoja miaka 50, wanawaita watoto wao na kuwaambia kwamba benki inachukua nyumba. Hakuna mtoto anayeweza kuwachukua wote wawili. Lucy anakwenda kwa George, New York. Bark anakwenda kwa Cora, mwendo wa maili 300 kutoka hapo. Inasaidia kukumbuka kwamba Marekani ilipitisha sheria ya hifadhi ya jamii mwaka 1935, lakini malipo ya uzeeni ya kila mwezi hayakuanza mpaka 1940. Mzee aliyefilisika mwaka 1937 alikuwa mikononi mwa watoto wake, basi.

Mke wa George anajipatia pesa kidogo kwa kufundisha watu karata nyumbani. Jioni moja wanafunzi wamekaa mezani, nguo nzuri, sauti za chini, na Lucy anakuja kukaa nao na kiti chake cha kubembea. Kiti kinalia. Kila akiyumba, kinalia, na wachezaji wanashindwa kuhesabu karata zao. Tunacheka. McCarey anatuacha tucheke, na kusema kweli tunaanza kuwaonea huruma wenye nyumba: mama huyu ni mtu mwema, lakini anasumbua. Kisha simu inaita. Ni Bark. Lucy anapokea pale pale mbele ya wageni na kuzungumza kwa sauti kubwa, kama ilivyo kawaida ya watu wasioamini kwamba waya unaweza kufikisha maneno mbali vile. Mwanzoni hilo nalo linachekesha. Halafu anaanza kumwambia ajikinge na baridi, ale vizuri, asiwe na wasiwasi naye, na nyuma yake karata zinasimama. Hakuna anayetazamana na mwenzake. Tulikuwa upande wa wachezaji, na sasa tumekwama pamoja nao tukisikiliza mazungumzo ambayo hatukustahili kuyasikia.

Kule kwa Cora, Bark amevunja miwani, na rafiki yake mwenye duka, mzee Rubens, anamsomea barua ya Lucy. Anasoma mpaka anafika mahali ambapo mwanamke anamwandikia mumewe kama mke anavyomwandikia mume, na sauti yake inakwama. Hawezi kuendelea kusoma maneno ya watu wawili. Bark akishaondoka, Rubens anamwita mkewe kutoka nyuma ya duka bila sababu yoyote ila kutaka kumwona tu. Tukio lote ni fupi, na McCarey hakuweka muziki wa kutuelekeza tuhuzunike.

Mwishoni wanandoa hawa wanapata saa chache pamoja New York kabla Bark hajapanda treni kwenda California kwa binti mwingine. Watoto wamewaandalia chakula, wao hawaendi. Wanatembea mjini. Mwuza magari anawadhania ni matajiri na kuwapakia kwenye gari jipya. Wanafika kwenye hoteli waliyokaa siku za fungate lao, na kila mtu asiyewajua anawatendea kwa heshima ambayo watoto wao wamesahau. Kiongozi wa bendi anaona wamesimama katikati ya uwanja wa dansi, hawawezi kufuata muziki wa kisasa, basi anaugeuza upigwe ule wa zamani. Kisha stesheni. Lucy anajua atapelekwa kwenye nyumba ya wazee, na amehakikisha Bark hatajua kamwe.

Kampuni ilitaka mwisho wa furaha, McCarey akakataa. Filamu haikuuza, na Paramount ikaachana naye. Mwaka ule ule alitengeneza The Awful Truth, filamu ya vichekesho, ikampatia Oscar ya uongozaji; alipoipokea alisema wamempa kwa filamu isiyostahili. Alijua kazi yake bora ni ipi.

Sasa Ozu. Wanaomshtaki kwa kuazima mara nyingi husahau kwamba alianza kazi hivyo. Filamu yake ya kwanza kabisa, ya mwaka 1927, ambayo leo haipo tena, ilitokana na filamu ya Kimarekani, na mswada wake uliandikwa na Noda huyu huyu. Katika Woman of Tokyo ya mwaka 1933 wahusika wanakwenda sinema, na Ozu anatuonyesha kipande cha filamu halisi ya Hollywood waliyokwenda kuitazama. Wakati wa vita alipopelekwa Singapore alikaa akitazama filamu za Kimarekani zilizotekwa na jeshi, Citizen Kane ikiwemo. Hakuficha kwamba alijifunza kwa Wamarekani.

Ila kuna tarehe moja ambayo inabadilisha hesabu. Septemba 1936, miezi minane kabla ya filamu ya McCarey, Ozu alitoa The Only Son. Ni habari ya mama mjane, mfanyakazi wa kiwanda cha hariri huko Nagano, aliyejinyima ili mwanawe asome. Anasafiri mpaka Tokyo kumwona, anamkuta ni mwalimu wa usiku mwenye mshahara mdogo, na wote wawili wanajitahidi kutoonyesha jinsi walivyovunjika moyo. Mzazi anayekwenda mjini na kukuta mtoto hakuwa alichotarajia, tayari alikuwa mali ya Ozu. Mwaka 1941 akatengeneza Brothers and Sisters of the Toda Family, ambamo mama aliyefiwa anahamishwa kutoka nyumba ya mtoto mmoja kwenda ya mwingine. Noda alipoleta kumbukumbu yake, ilimkuta mtu aliyekuwa ameikaribia hadithi hiyo kwa njia mbili tofauti.

Waliandika mswada katika nyumba ya wageni ya Chigasaki, kando ya bahari, kwa zaidi ya miezi mitatu. Jambo la kwanza walilofanya ndilo kubwa kuliko yote: waliitoa benki. Shukichi na Tomi Hirayama wana nyumba yao Onomichi, mji wa bandari ulio mbali upande wa magharibi. Wana binti wa mwisho, Kyoko, mwalimu, anayeishi nao. Tunapowakuta mara ya kwanza wanafunga mizigo, wanatafuta mto wa hewa wa kulalia kwenye treni, na wana tarehe ya kurudi. Hawaendi Tokyo kuomba hifadhi. Wanakwenda kuwatembelea watoto.

Fikiria badiliko hilo linafanya nini. Katika filamu ya McCarey kuna tatizo ambalo lazima litatuliwe: wazazi watakaa wapi? Kila mtoto anaweza kuhukumiwa kwa jibu lake. Katika filamu ya Ozu hakuna tatizo. Ni siku chache tu za ugeni. Mwana wao Koichi ni daktari wa mtaa, na Jumapili waliyopanga kutoka anaitwa kwa mtoto mgonjwa. Je, asiende? Binti yao Shige ana saluni na wateja wanasubiri. Hakuna anayemfukuza mtu, na kila kisingizio ni cha kweli. Hata hivyo siku zinapita, na wazee wamekaa ghorofani tu. Ozu aliondoa dhuluma akabakiza uzito wake, na mtazamaji hana pa kuutua.

Haruko Sugimura anamwigiza Shige, na sijui mwigizaji mwingine aliyefanya uchoyo wa kawaida uonekane kwa usahihi kiasi hiki. Mumewe anarudi na keki nzuri kwa ajili ya wakwe. Shige anamwambia ni ghali mno, biskuti zingetosha, na huku anasema anakula. Hasemi kwa ukali, wala hawachukii wazazi wake. Anafanya hesabu, kama anavyofanya hesabu siku nzima. Baadaye, habari za ugonjwa wa mama zinapofika, analia kweli, na kabla ya kupanda treni anauliza kama wachukue nguo za msiba. Baada ya mazishi, chakula kikiwa bado mezani, anataja vazi la mama analotaka abaki nalo. Anaingia moja kwa moja kutoka kwenye machozi hadi kwenye vazi, na Sugimura haweki hata pumzi katikati.

Kuna tukio moja ambapo filamu hizi mbili zinakutana na kupishana mlangoni, nalo ni la hoteli. McCarey aliwapeleka wazee wake hotelini ili wapate furaha yao ya mwisho. Ozu naye anawapeleka wake hotelini. Shige na Koichi wanachanga pesa kuwapeleka Atami, kwenye chemchemi za maji moto, kwa sababu itatoka nafuu kuliko kukaa nao na kuwatembeza. Hoteli ni ya vijana. Usiku wanacheza kamari na kelele, wanamuziki wanapita, na Ozu anatuonyesha ukumbi wenye ndara zimepangwa nje ya milango, kisha wazee wawili chini ya shuka, macho yako wazi. Asubuhi wamekaa kwenye ukuta wa bahari, migongo yao kwetu, wamevaa mavazi yanayofanana ya hoteli. Wanakubaliana kwamba wamekwisha kuiona Tokyo, sasa warudi nyumbani. Mzee anasimama. Tomi anataka kusimama, anayumba, anashika ukuta. Anasema si kitu, ni kwa kuwa hakulala vizuri. Wanatembea juu ya ukuta, wadogo, mmoja nyuma ya mwingine.

Kamera iko chini, karibu na usawa wa mtu aliyekaa kwenye jamvi, na haisogei kuwafuata. Yuharu Atsuta, mpiga picha wa Ozu, alikuwa amemzoea bwana huyu wa lenzi moja, milimita 50, aliyetaka kila kitu kionekane kwa umbali wa jicho la mtu wa nyumbani. Mwongozaji mwingine angesogea karibu na mkono wa Tomi ulioshika ukuta ili tujue kuna jambo. Ozu anauacha uwe mkono wa bibi aliyekosa usingizi. Tunalielewa saa nzima baadaye, na ndiyo sababu linauma.

Nyongeza kubwa zaidi haimo kabisa kwa McCarey. Ni Noriko, mkamwana, anayeigizwa na Setsuko Hara. Mumewe, Shoji, hakurudi vitani, na ni miaka minane sasa. Anafanya kazi ofisini na kuishi katika chumba kimoja, na yeye peke yake ndiye anayeomba ruhusa kazini ili awatembeze wakwe. Wanapomtembelea anakwenda kwa jirani kuazima pombe kidogo ya kumkaribishia mzee. Usiku ambao Shige hana nafasi kwa sababu ya mkutano wa wasusi, Tomi analala kwa Noriko, kwenye godoro la mwanawe aliyekufa, na anamwambia binti huyu kwamba aolewe tena, asijitese.

Hapo ndipo Ozu alipoihamisha hadithi kutoka Marekani mwaka 1937 mpaka Japani mwaka 1953. Kwa McCarey kilichowatenganisha watu ni mdororo wa uchumi. Kwa Ozu kuna vita chini ya kila kitu, ingawa hakuna anayevizungumzia kwa kirefu. Picha ya Shoji iko chumbani mwa Noriko. Mzee anakwenda kunywa na marafiki wa zamani, nao wanahesabu watoto waliowapoteza na kuwalalamikia waliobaki. Na Noriko, ambaye kila mtu anamsifu kwa wema, anamwambia baba mkwe mwishoni kwamba yeye si mwema kama wanavyodhani. Siku nyingine hata hamkumbuki mumewe, na moyoni anangojea kitu fulani kitokee. Mzee anamjibu kwa upole kwamba ni vizuri amsahau, na anampa saa ya Tomi. Mswada dhaifu ungemwacha Noriko abaki malaika ili Shige abaki mbaya. Ozu na Noda walikataa. Kyoko anapowakasirikia kaka na dada zake, ni Noriko anayewatetea: watoto huwa na maisha yao, na yeye pia huenda akawa hivyo.

Huko pwani kwetu watu hununua mbao za jahazi lililokwisha kazi na kutengenezea vitanda na meza. Ukitazama kwa makini utaona tundu la msumari wa zamani, na hakuna anayelificha. Kazi inahukumiwa kwa kama meza imesimama. Tokyo Story ina tundu la McCarey mahali pengi, na imesimama.

Si kila aliyezipata mbao hizi alifanikiwa. Wasomaji wengi wa Kiswahili ambao hawajasikia jina la McCarey wanayajua matukio yake, kwa kuwa filamu za Kihindi zimetazamwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam kwa vizazi, na Baghban ya Ravi Chopra ya mwaka 2003 ilipendwa sana. Amitabh Bachchan na Hema Malini ni mume na mke waliogawanywa na watoto wao. Kuna simu ya usiku, kuna mwuza magari, kuna hoteli ya fungate. Imewaliza watu, na Bachchan anastahili machozi hayo. Lakini mtazame yule mwuza magari. Kwa McCarey, akijua kwamba wazee hawana pesa, hakasiriki; amefurahi kuwa nao. Wema wa mtu baki ndio unaotuonyesha ukubwa wa upungufu wa watoto. Katika Baghban anawafokea na kuwaaibisha, ili mtoto wa kulelewa atokee kuwaokoa. Tukio limechukuliwa, sababu yake ikaachwa. Mwishoni mzee anakuwa mwandishi maarufu na kuwahukumu wanawe hadharani, nasi tunatoka tukiwa tumeridhika, tukiwa na uhakika kwamba watoto wabaya ni wa watu wengine. McCarey na Ozu hawakumruhusu mtazamaji atoke na uhakika huo.

Yoji Yamada, aliyeingia Shochiku mwaka 1954 na kufanya kazi huko maisha yake yote, aliitengeneza upya Tokyo Story mwaka 2013 kwa jina la Tokyo Family. Alifanya kwa heshima, akaitoa kwa kumbukumbu ya Ozu, na hakuna anayeweza kumwita mwizi. Hata hivyo, kwangu huyo ndiye aliyeazima kupita kiasi. Sehemu kubwa ya filamu inapita juu ya nyayo zile zile, na kila mara mwigizaji analinganishwa na kivuli. Inapata uhai wake pale Yamada alipothubutu kuachana na bwana wake: Shoji hakufa, ni kijana asiye na kazi ya kudumu, na mchumba wake Noriko amekutana naye walipokwenda kujitolea baada ya tsunami ya Machi 2011. Ningependa kuiona filamu ambayo ingeanzia hapo.

Kwa hiyo nikiulizwa kama Ozu alichukua mno, nasema hapana, na ushahidi wangu ni benki aliyoiondoa na mkamwana aliyemleta. Kuna kitu cha McCarey ambacho hakukichukua, na pengine asingeweza: mapenzi ya Bark na Lucy. Shukichi na Tomi wamezoeana kama watu wa miaka mingi. Bark na Lucy bado wanapendana, na mke anaona haya kidogo akiguswa mbele za watu. Saa zile chache za New York hazina mwenza wake popote katika kazi ya Ozu.

Mwaka 2012 waongozaji wa filamu walioulizwa na jarida la Sight and Sound waliiweka Tokyo Story ya kwanza kuliko filamu zote. Sina ugomvi na kura hiyo. Lakini watu wanaoiandaa ionyeshwe vyuoni na kwenye matamasha waipange Make Way for Tomorrow jioni ya kabla yake, na wamtaje Kogo Noda kabla taa hazijazimwa.